Maikrowevu ya Ciru

Bungoma
6 Mei 2024

Mama Derrick,

Barua yako niliichukua jana pale ofisi ya vifurushi. Mama wa kaunta aliigeuzageuza akaniuliza, "Ati barua? Si akupigie tu, bana?" Nikamwambia mke wangu amekataza simu. Alicheka, lakini ndio ukweli. Tangu hospitali ikuhamishie kazi Kitale mwezi wa pili, kila tukipigiana simu tunagombana, halafu nakuchekesha, halafu unanisamehe kabla hujajua umenisamehe nini. Hayo ni maneno yako. Ukasema mwanamume akiandika hufikiri kwanza. Haya, nimekaa nafikiri.

Derrick amerudi bwenini salama, na sweta mbili kama ulivyoagiza. Mvua inanyesha kila alasiri na kibanda changu hapa Kanduyi kinavuja juu ya meza ya kazi.

Kazi ipo. Pasi, redio, televisheni za watu ambao hawaji kuzichukua. Lakini inayonipa raha na kuumwa kichwa kwa pamoja ni maikrowevu ya Ciru. Unamkumbuka Ciru? Yule anayeuza chakula karibu na ofisi za kaunti, aliyeachwa na mume. Wateja wake ni makarani, wanataka sahani moto upesi warudi mezani, ndiyo sababu alinunua hiyo mashine. Ilikuja imekufa kabisa. Nikaifungua, nikakuta fyuzi imeungua. Nikaweka nyingine, ikawaka, akafurahi hadi akaniletea pilau. Haikukaa, ikarudi: fyuzi tena. Nikabadilisha tena. Sasa imekuja na ugonjwa mpya. Taa inawaka, sahani inazunguka, inanguruma vizuri, lakini ukiweka glasi ya maji yanatoka baridi vilevile yalivyoingia.

Nimeibeba nyumbani kwa sababu ya hiyo mvua. Ciru hupitia kuuliza imefika wapi. Ni mtu wa mzaha mwingi, hata wewe ungempenda.

Kula vizuri, na usikubali zamu za watu wengine.

Wako,
Levi


Kitale
11 Mei 2024

Baba Derrick,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Mimi nimetajwa mwanzo na mwisho. Derrick amepata mstari mmoja. Ciru amepata ukurasa.

Ungempenda, unasema. Sally wa mlango wa pili tayari amenipendea. Alinipigia simu, na yeye sikumkataza. "Mama Derrick, mimi sitaki maneno," akaniambia, "lakini huyo mama wa hoteri anaingia kwako na sufuria na anatoka bira sufuria." Kwa hiyo sufuria yake iko juu ya meza yangu. Na mashine yake iko sebuleni kwangu, na yeye mwenyewe hupitia. Je, huketi kiti gani anapopitia?

Nikaamua nisikulaumu bila kujua. Hapa hospitali tuna fundi wa mitambo anaitwa Kiptum, mtu wa Saboti. Ndiye hutengeneza mashine za oksijeni, majokofu ya dawa, kila kitu chenye waya. Wakati wa chai nilimweleza ugonjwa wa hiyo maikrowevu kama jambo la mtu mwingine. Hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Fyuzi haiungui bure. Kuna kitu kinaichoma, na mara nyingi ni swichi za mlango. Fundi anayebadilisha fyuzi mara mbili bila kutafuta kilichoichoma, ama hajui kazi, ama hataki kazi iishe."

Levi, wewe kazi unaijua. Nimekaa na wewe miaka yote hii, najua unaijua. Sasa niambie ni lipi lililobaki.

Na kuhusu kutopasha joto, alisema ni dayodi, au kapasita, au magnetroni yenyewe, ile inayotoa joto, na kupima vyote ni kazi ya asubuhi moja. Akaongeza kwamba kabla ya kugusa chochote plagi itolewe ukutani na kapasita imalizwe chaji, maana inaweza kushika umeme hata mashine ikiwa imezimwa, na umeme huo unaua mtu. Nikajisahau, nikamjibu kwamba mume wangu anajua hilo kuliko jina lake. Hapo nilijivuna kwa ajili yako, sitaficha.

Huyu Kiptum ana mikono mitulivu. Hafanyi kazi kwa kelele. Tukianza kuongea Kisabaot chetu nasahau niko kazini.

Rudisha sufuria ya watu.

Jelagat


Bungoma
21 Mei 2024

Mpenzi wangu Jelagat,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na mwenye furaha. Mimi pia ni mzima. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zimenizidi na mvua haijatupa nafasi.

Maikrowevu bado haijapona, ila usijali kuhusu hilo. Nimeirudisha kibandani, haiko tena nyumbani. Sufuria pia imerudishwa kwa mwenyewe. Sally asikusumbue moyo.

Mshukuru huyo fundi Kiptum kwa ushauri wake. Ni ushauri mzuri.

Nakukumbuka sana, hasa jioni mvua inapoanza na nyumba inakuwa kimya. Nikiona kikombe chako cha kijani najiuliza unakunywa chai na nani huko. Jitunze, mpenzi.

Wako daima,
Levi


Kitale
24 Mei 2024

Levi,

Huu si mwandiko wako.

Herufi zako zinalala nyuma kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na mkia wa "g" hukosa kumaliza. Hii barua ina herufi za mviringo, zimesimama kwa adabu, na nukta za "i" ni viduara vidogo. Chini kwenye kona kuna doa la mafuta ya kupikia. Nimelinusa. Ni kitunguu.

Umeniita "mpenzi". Mara mbili. Wewe, ambaye hata siku tulipofunga ndoa uliniita Nesi mbele ya mchungaji. Derrick alipozaliwa ukahamia Mama Derrick na hujawahi kutoka hapo. Sikuwahi kulalamika. Nilijua jina hilo ukilitaja lina nini ndani yake. Hili la "mpenzi" sijui lina nini, kwa sababu sijui limetoka mdomoni mwa nani.

Halafu unamshukuru Kiptum! Levi ninayemjua angemtukana hadi karatasi iishe. Nilikuandikia habari zake nikijua zitakuchoma. Nilitaka zikuchome. Ukaja kunijibu kwa adabu kama karani, kupitia mkono wa mwanamke, na mwanamke huyo sasa anajua kwamba nyumba yangu inakuwa kimya jioni na kwamba kikombe changu ni cha kijani.

Ni nani aliyeandika barua hii? Swali ni hilo moja. Lijibu kwa mkono wako.

Jelagat


Kitale
3 Juni 2024

Levi,

Nimengoja jibu hadi nikachoka, kwa hiyo Jumamosi nilikuja mwenyewe.

Hukuniona. Sikutaka unione. Nilishuka stendi, nikanunua ndizi kama mtu mwenye akili zake, nikatembea hadi Kanduyi. Nilikuwa nimekubebea mursik, maziwa ya kibuyu, kutoka kwa mama yangu kule Endebess. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi nusu. Ulikuwa umeketi, umeupa mlango mgongo nusu, bega la kushoto likiwa kwangu. Ciru alikuwa amesimama mbele yako, anakufunga vifungo vya shati. Kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama mtu ambaye ameshayazoea mashati yako. Kisha akaketi kwenye ndoo, akachukua kijiko akakulisha. Na wewe ulifungua mdomo.

Mimi hujawahi kuniruhusu nikulishe. Hata ulipougua malaria ile mbaya uliniambia, "Mimi si mtoto, lete hiyo sahani."

Nilisimama pale hadi mwenye duka la simu akaniuliza kama nimepotea. Nikamjibu ndiyo. Ile mursik nilimpa mwanamke mmoja stendi, sijui hata alinishukuru vipi.

Ningeweza kuingia. Tangu siku hiyo najiuliza kwa nini sikuingia. Nadhani niliogopa ungegeuka na uso ambao sijawahi kuuona, uso wa raha ambao nimekuwa nikidhani hauna.

Hiyo Jumapili iliyofuata Kiptum alinialika kwao Saboti kwa chakula cha mchana. Nilikwenda. Nilivaa ile nguo ya buluu.

Jelagat


Bungoma
7 Juni 2024

Kwa Jelagat,

Jina langu ni Ciru. Hunijui vizuri na ninajua ukiona mwandiko huu utataka kuitupa barua. Tafadhali isome kwanza, kisha uitupe.

Mume wako ameumia mkono wa kulia. Haikuwa jana. Ni tangu katikati ya Mei.

Siku hiyo nilipitia kwake kuuliza habari za mashine yangu. Nilimkuta kibandani na barua yako juu ya meza. Alikuwa amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Alikuwa akisema peke yake, "Hajui kazi! Mimi! Asubuhi moja! Nitamwonyesha asubuhi moja." Mashine alikuwa ameijaribu hivi punde kwa glasi ya maji. Akachomoa plagi, akavua bati la juu kwa haraka, akaingiza mkono. Mimi sijui mambo ya umeme. Nilisikia mlio kama mjeledi, nikaona mkono wake umeruka nyuma kwa nguvu, ukapita kwenye ukingo wa lile bati. Akaanguka chini pamoja na kiti. Damu ilikuwa nyingi. Nilimfunga kwa leso yangu na tukapanda boda hadi hospitali. Huko walisema umeme wenyewe umemwacha kwa neema ya Mungu, ila bati limekata kano za vidole viwili. Walimshona. Bado hawezi kukunja vidole hivyo.

Alipoweza kuongea alisema ile kapasita hakuimaliza chaji. Alisema, "Kila siku huanza na hiyo. Leo nilianza na Kiptum."

Nilimwambia akupigie. Akakataa. Alisema ukijua utaacha kazi uje, na kazi hiyo umeitafuta miaka. Pia alisema jambo lingine, ambalo ndilo naona lilikuwa kubwa zaidi: kwamba ukijua ameumia akisoma barua yako, utajibebesha lawama. Alijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto, ikawa michoro ya kuku. Akaniomba mimi. Nilimwuliza, "Bungoma nzima hakuna mtu mwingine?" Akasema Sally ataijua habari, na Sally akijua ni wewe umejua.

Kwa hiyo niliandika. Sasa nikuambie langu. Yeye alisema, "Andika Mama Derrick." Mimi ndiye niliyeandika "mpenzi wangu". Yeye alisema, "Mwambie mvua inanyesha." Yale ya nyumba kuwa kimya na kikombe cha kijani niliyaongeza mimi. Kikombe nilikiona kwako nilipopeleka uji. Nilijiambia nakusaidia upate barua tamu. Lakini sitakudanganya, dada. Mimi hakuna mtu ameniandikia barua tangu niwe msichana. Nilipokuwa nikikuandikia wewe, nilikuwa kama najiandikia mwenyewe. Nilikuonea wivu. Mtu anakaa na maumivu hivyo na anachoogopa ni mkewe kujibebesha lawama! Mimi wangu aliondoka nikiwa na homa.

Vifungo nilimfunga, kweli. Kijiko pia. Hawezi kushika. Zaidi ya hayo hakuna kilichofanyika, na kama kungekuwa na nia, basi ilikuwa yangu na niliiweka mwenyewe chini. Yeye hakuiona. Anaongea juu yako hadi chakula kinapoa.

Hii barua naandika bila yeye kuniambia cha kuandika. Nilimsomea ile yako ya tarehe tatu kwa sababu hawezi kufungua bahasha vizuri. Nilipofika kwenye nguo ya buluu alinyanyuka akatoka nje, akasimama kwenye mvua. Karatasi aliyoandika mwenyewe naiweka humu ndani.

Ciru


Mama Derrick

nimeandika kwa kushoto nisamehe. Ciru amesema kweli yote. Nilikudanganya nikaona ni upole. Vidole havikunjiki naogopa sitashika bisibisi tena na sikutaka uwe mtu wa kwanza kunionea huruma

Kiptum ana mikono mitulivu nimeelewa. Je anakuchekesha

Levi


Bungoma
8 Julai 2024

Mama Derrick,

Unaona mwandiko? Ni wa kulia. Naandika mistari miwili, napumzika. Usiuhesabie uzuri wake.

Ulipofika ile Jumamosi bila taarifa, ukiwa na Kiptum nyuma yako amebeba sanduku la vifaa, nilidhani umekuja kunionyesha mtu aliyechukua nafasi yangu. Uliushika mkono wangu ukaugeuza kwenye mwanga. Kisha ukaingia jikoni na Ciru mkafunga mlango. Hukuona yaliyotokea sebuleni. Ndiyo maana nakuandikia.

Kiptum alisalimia kwa heshima akauliza, "Mzee, mashine iko wapi? Tuimalize." Mzee! Tunalingana umri. Nilitaka kukataa. Lakini ile mashine, tuliyoirudisha nyumbani kibanda kilipozidi kuvuja, ilikuwa kwenye kona haijaguswa tangu siku niliyoumia, na Ciru alikuwa anapoteza wateja, na mimi sikuweza hata kuondoa skrubu moja. Nikamwonyesha kwa kidevu.

Nikaketi nikamtazama. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo ya kuketi. Alivua saa na pete. Akachomoa plagi akanipa niishike mwenyewe kwa mkono wa kushoto, "ili wewe ndiye ujue haiko ukutani." Akangoja. Alipoondoa bati hakuingiza mkono. Alichukua bisibisi yenye mpini wa plastiki na waya wenye rizista ya kumeza umeme polepole, akaunganisha ncha mbili za kapasita, akashikilia, akarudia, kisha akapima kwa mita hadi ikasoma sufuri. Mkono wake mwingine aliuweka nyuma ya mgongo kila alipogusa, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Nilimchukia kwa kila kitu alichofanya sawasawa.

Akahamia kwenye mlango wa mashine. Ulikuwa na bawaba iliyolegea. Ukifunga, zile swichi tatu zilikuwa zinashikana kwa mpangilio usio wake, ile ya tatu inapiga shoti makusudi ili kuzuia mashine isiwake mlango ukiwa wazi, na fyuzi inaungua. Hiyo ndiyo kazi ya fyuzi, kumlinda mwenye mashine. Mimi nilikuwa nikiiwekea nyingine kama anayemziba mtu mdomo. Nilijua nilipaswa kutafuta. Ila fyuzi ilichukua dakika na pilau ilikuwa moto, na ilikuwa vizuri kuonekana stadi mbele ya mtu. Nalisema hilo kama lilivyo. Uliliona ukiwa Kitale, mimi sikuliona nikiwa hapa.

Akaikaza bawaba hadi swichi zikashikana kwa zamu yake, kisha akaigeukia dayodi, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, akaipima kwa mita pande zote mbili, akakunja uso. "Haisomi upande wowote. Imekufa," akasema. Nikamjibu, "Si lazima iwe imekufa. Mita hiyo haina nguvu ya kuifungua. Hata iliyo nzima haisomi." Akaigeuza mita akaitazama. Halafu tukasema kwa pamoja, "Betri!" Alicheka, Mama Derrick, na mimi nikajikuta nimecheka, na nilikuwa nimeapa sitacheka. Tukachukua betri ndogo ya volti tisa kutoka kwenye kengele ya Sally, tukaiunganisha, tukapima tena. Imekufa kweli. Alikuwa sahihi. Lakini sasa alikuwa na hakika, na hakika hiyo ilitoka kwangu.

Duka la vipuri la mjini lilikuwa na dayodi. Alipokwenda kuinunua nilibaki natazama ile kapasita tu. Ni kopo dogo kama la dawa ya viatu.

Alipomaliza alirudisha bati kabla ya kuwasha, hakujaribu ikiwa wazi. Akabana karatasi mlangoni pande zote kuona kama mlango unashika. Akaweka glasi ya maji. Akapitisha kile kifaa chenu cha hospitali cha kupima mawimbi yanayovuja, hakikulia. Maji yalitoka yakitoa mvuke.

Wakati anavaa saa yake nilimwuliza. Sikuweza kujizuia. Nilimwuliza, "Jumapili ile, mlikula nini?" Alinitazama akanielewa. Akasema, "Mke wako hakula. Chepkemei wangu alimwekea sahani, akalia juu yake hadi watoto wakaogopa. Chepkemei alikaa naye chini ya mipera hadi saa ya kuondoka. Mimi nilikamua ng'ombe."

Hukuniambia kwamba ana mke. Hukuniambia kwamba ulilia.

Basi na wewe uliandika ili niumie, na mimi niliandika ili usiumie, na tazama. Mlisema nini huko jikoni, wewe na Ciru? Nilisikia mkicheka mara moja. Nimekuwa nikiwaza juu ya kicheko hicho tangu mwondoke.

Levi


Kitale
13 Julai 2024

Baba Derrick,

Jikoni nilimwuliza Ciru mambo ambayo sikupaswa kumwuliza. Ulilia? Jeraha lilinuka? Ulipoanguka uliita jina la nani? Alijibu yote bila kunificha. Kwa hilo la mwisho alisema, "Alimwita mama yake." Hapo ndipo tulipocheka. Mama mwenyewe alishatutoka kitambo, na wewe bado unamtuma.

Sikucheka muda mrefu. Nilimtazama mikono yake, mikono ya mtu anayekanda unga, nikawaza kwamba ndiyo iliyoshika kichwa chako kwenye ile boda. Mimi ni nesi, Levi. Nimefunga vidonda vya watu nisiowajua majina. Wagonjwa hapa wananishika mkono usiku kucha kwa sababu wanaogopa. Na siku wewe uliyoogopa, mtu mwingine ndiye alikuwa karibu. Ningekuta mmelala pamoja ningejua cha kufanya, ningevunja sahani, ningekwenda kwa mama yangu. Hili sijui nilifanyie nini. Ulimpa yeye maumivu yako na mimi ukanipa habari za mvua.

Nilimwambia Ciru hivyohivyo. Akageuza chapati. Kisha akasema, "Ningeweza kukurudishia ningekurudishia." Nilimwamini. Bado simpendi. Labda nitampenda, labda sitampenda, usituharakishe. Nilimnunulia leso mpya badala ya ile iliyoharibika na damu, na niliichagua mbaya kidogo.

Kuhusu Kiptum: ndiyo, ana mikono mitulivu. Sikudanganya. Nilichokuficha ni kwamba kila nilipomsikiliza akieleza waya na swichi, nilikuwa najaribu kuingia mahali unapokaa wewe siku nzima, mahali ambapo Ciru alikuwa anaingia kwa kubisha tu. Kwa njia mbaya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na hapana, hanichekeshi. Ni mtu mkavu kama mkaa.

Daktari wa viungo hapa ameona picha za mkono wako nilizopiga. Anasema kano zimeshika. Vidole vitakunjika, lakini si kwa kuvingojea. Vinataka kulazimishwa kila siku, na wakati wa kuvilazimisha vinauma kuliko siku ya ajali yenyewe. Wanaume wengi, anasema, hujifanya wamepona mapema ili mtu asiwaone wakipiga kelele, halafu mkono unakauka hivyohivyo.

Nimeomba likizo na nimepewa. Sijaacha kazi, usianze. Naja Jumatano na nitakaa hadi likizo iishe. Usimwite Ciru akufunge vifungo siku hiyo, vaa fulana. Asubuhi tukishakunywa chai nitaweka mkono wako kwenye maji ya moto, kisha nitaanza na kidole cha kati, polepole, hadi kikubali.

Utalia, Levi. Na safari hii nataka uwe unanilia mimi.

Jelagat